Sura ya Familia

Mume wangu anafundisha sosholojia chuoni, na mwaka huu amepewa kazi ya kuandaa kitabu cha utangulizi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sura ya dini, ya matabaka na ya elimu aliziandika chapuchapu. Ya familia ikamkwama kooni. Basi akaamua kufanya utafiti nyumbani, yaani kwangu. Kila jioni huvuta kiti hadi mlango wa jikoni, akanitazama ninavyopika huku anaandika. Kitabuni naitwa Mshiriki wa Kwanza, eti kunisitiri.

Siku moja nilikimbilia nje kuanua nguo kabla ya mvua. Niliporudi, maharage yameungua, moshi umetanda, jirani anabisha hodi kuuliza kulikoni. Na mtu wangu yupo pale pale kitini, kalamu mkononi.

"Hujasikia harufu?"

"Mbona niliisikia mapema tu," akasema kwa fahari. "Ila mtafiti haingilii, mama watoto. Ningezima jiko, ningejuaje nani huwa analizima?"

Nilitamani kulia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumezaa naye mabinti wawili, na jembe hajaligusa hata mpini.

Mimi nashona katika kiwanda cha sare. Nashona mikono ya mashati, mikono tu, kutwa kucha. Wiki hiyo msimamizi akaniita: kuna mafunzo ya jioni ya ukataji wa vitambaa, nafasi ni moja, yanaanza Jumatatu, na asiyefika siku ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine. Mkataji ana meza yake mwenyewe. Meza ile nimeitamani tangu niajiriwe.

"Kuanzia Jumatatu nitachelewa kurudi," nikamwambia mume wangu. "Jikoni utaingia wewe."

Akavua miwani. "Huwezi kungoja nimalize sura? Ukiondoka, familia ya kawaida nitaipata wapi?"

"Kaitafute sokoni."

Jumatatu nikaenda. Nikashika mkasi mkubwa, nikakata mgongo wa shati kwa mara ya kwanza, ukatoka umenyooka. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Kisha nikawakumbuka watoto, furaha ikaniishia. Nilijua nitakuta njaa, na nilijua Jumanne sitakuwa na moyo wa kwenda tena.

Nikawakuta mabinti mezani, wanafanya hesabu. Sufuria ya wali ilikuwa jikoni, imefunikwa vizuri.

"Mmekula?"

"Tumekula, tumepika wenyewe," mkubwa akajibu bila kuinua kichwa. "Baba ndiye hajala."

"Kwani hamkumbakishia?"

"Umo humo kwenye sufuria. Anangoja aone nani atampakulia."

Kweli, alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, karatasi magotini. Tumbo likamnguruma, sote tukalisikia. Aliponiona, uso ukamchanua kama wa mtu aliyeona basi lake linakuja.

Nikanawa mikono. Nikachukua sahani moja, nikapakua wali wote uliobaki, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikaanza kula.

Akaweka kalamu chini.

"Mama watoto," akasema taratibu, "na mimi je?"

"Wewe utakula kesho, baba watoto," nikamwambia, nikimalizia tonge. "Leo siingilii utafiti wa mtu."