Pindo la Kila Januari

Fundi hakuwa mwanamke wa kutishika. Wateja wakorofi aliwaweza, vitambaa vya kuteleza aliviweza, hata cherehani yake kuukuu, iliyosusa kila ilipoona jinzi, aliiweza. Lakini asubuhi ile, mbele ya daktari, alikaa ukingoni mwa kiti kama mzazi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Pembeni yake alikaa bintiye wa miaka kumi na minne, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kimo chake kilikuwa cha mtoto wa miaka minane, maneno yake ya mbunge. Darasani aliongoza kwa kusoma na kusimulia; ramani na hesabu za maumbo ndizo zilizomtoa jasho. Siku moja alimsaidia mama yake kushona shati, likatoka na mikono miwili ya kushoto, naye akamshawishi mwenye shati kwamba huo ndio mtindo mpya. Jamaa akalivaa harusini.

Leo Redio alikuwa kimya. Daktari alikuwa anaeleza majibu ya damu, polepole, bila kumkwepa macho.

"Wanawake wengi wana kromosomu X mbili. Wewe unayo moja. Ilitokea tu, kabla hujazaliwa; hukukosea wewe wala mama. Ndiyo maana u mfupi, na ndiyo maana bado hujavunja ungo. Kwa hilo zipo dawa. Moyo na masikio tutavipima. Akili yako ni nzima kabisa, ila ramani zitaendelea kukusumbua."

"Na kuzaa?" Redio aliuliza.

"Kwa njia ya kawaida, huenda isiwezekane. Zipo njia nyingine. Tutazizungumza ukiwa tayari."

Redio alitikisa kichwa kukubali. Fundi alimshika mkono.

"Kuna sindano za kusaidia kimo," daktari aliendelea, "na mifupa yako bado haijafunga, bado inaweza kurefuka. Ila nahitaji kujua umekuwa ukikua kiasi gani kila mwaka. Mna kumbukumbu yoyote?"

"Mbona nakua vizuri tu, daktari," Redio alisema. "Kila Januari gauni la mwaka jana linakuwa limenipanda juu ya magoti. Muulize mama."

Hapo maji yakamfika Fundi shingoni. Kwani ni nani aliyelipandisha hilo gauni? Tangu mwaka ule mtoto aliporudi kutoka shule analia kwa kuitwa Kifungo, Fundi alikuwa akilichukua gauni la zamani, anakunja pindo vidole viwili, anapiga pasi, kisha anasema, "Hebu lijaribu." Redio alikuwa akijiangalia kwenye kioo na kuruka chumba kizima. Mama ameshindwa kumrefusha mtoto, akaamua kulifupisha gauni. Wazazi bwana! Na papo hapo, kwa kuwa fundi hawezi kuidanganya kazi yake, vipimo vya kweli vya kimo cha mtoto alikuwa akiviandika kwenye daftari la wateja. Daftari lenyewe lilikuwa humo humo mkobani.

Angeweza kunyamaza. Daktari angekisia, na mtoto asingejua kitu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale mezani. Akalitoa.

Daktari alisoma kwa furaha. "Miaka saba, kila mwaka! Hata kliniki hawaandiki hivi." Redio akainamia kurasa, na kusoma ndiko alikokuwa bingwa.

"Sentimita tatu," alisema. "Mwaka jana mbili. Sasa magauni?"

"Nilikuwa nayafupisha, mwanangu."

Daktari, Mungu ambariki, alikumbuka ghafla kwamba ana faili chumba cha pili.

"Nisamehe," Fundi alisema. "Nilitaka ufurahi. Nilipaswa kukuleta hapa zamani, lakini nilivyokudanganya wewe nikajidanganya na mimi."

"Ile siku ya kujaribu gauni niliipenda kuliko sikukuu zote," Redio alisema, na machozi yakamtoka. Fundi hakumwambia nyamaza. Alilia naye, waziwazi, akimpangusa pua kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Hizo sindano zisipofanya kitu?"

"Utabaki hivi hivi, na mimi nitakupenda mpaka unichoke."

Redio alifikiri. "Basi acha kunishonea magauni ya watoto. Nishonee la msichana wa kimo hiki."

Fundi akaingiza mkono mkobani kutafuta utepe. Amewashonea wanawake wa kila umbo mjini, wanene na wembamba, wenye vibiongo na wenye mimba, na huyu mmoja hajawahi kumshonea alivyo.

Daktari aliporudi alimkuta Redio amesimama ukutani pekupeku, visigino chini, na mama yake amepiga magoti na utepe wa kupimia.

"Mia moja ishirini na sita," Fundi alisoma kwa sauti.

"Andika hivyo hivyo, daktari," Redio alisema. "Usiniongezee hata moja."