Mikato Mitatu Kwenye Spana

Kazini, kwenye karakana ya makumbusho, wananiita Kiberiti, na sikatai. Hata bosi akiniambia jambo ninalolijua, nawaka. Siku ile aliniambia, "Mimina taratibu. Ligongegonge, hewa itoke."

"Najua kazi yangu, bosi!"

Mezani palikuwa na bonge la kutu, mchanga na kome, limetolewa na wapiga mbizi kwenye chumba cha injini cha meli iliyozama miaka hamsini iliyopita. Chuma kilichokuwa ndani kilishaliwa chote na chumvi. Kilichobaki ni uwazi tu, na eksirei ilionyesha kwamba uwazi ule una umbo la spana. Kazi yetu ni kutoboa tundu, kumimina gundi inayoganda ikawa ngumu, halafu kulivunja gamba. Ukishavunja umevunja, hakuna mara ya pili.

Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango alikaa mama mkwe wangu, mkoba mapajani. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli ile. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya waliokufa. Inasemekana siku hiyo alimshikia mwenzake zamu. Mwili haukupatikana. Dada yake mama akatangaza kwamba bwana kakimbia na mwanamke, na mtaa mzima ukalishika neno hilo. Mume wangu amekua akiitwa mtoto wa mtoro.

"Spana yake aliitia mikato mitatu mpinini kwa tupa," mama alikuwa ameniambia. "Wenzake walikuwa na mikono mirefu."

Kwenye eksirei mpini ulikuwa ukungu mtupu; mikato ingeonekana kwa kumimina tu. Kwa hiyo nilimimina, tena yote kwa mkupuo, bosi akiguna nyuma yangu.

Kesho yake mama alifika kabla mlinzi hajafungua geti. Nikalibandua gamba kwa patasi ndogo, kipande kwa kipande. Mdomo wa spana ukatoka safi kabisa. Halafu mpini. Pale palipotakiwa kuwa na mikato palikuwa na shimo laini, refu kama kidole gumba. Hewa. Hewa ile ile niliyoambiwa niitoe.

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Bosi alikuwa ametoka, na mgongo wangu ulimkinga mama asione mezani. Tupa ilikuwa droo ya kwanza. Ningeliziba shimo, nikachonga mikato mitatu, na mama angerudi nyumbani anacheka. Mkono wangu ulishafika kwenye droo.

"Mwanangu, mbona kimya?"

"Nimeharibu, mama," nikasema. "Nilikuwa na haraka, hewa ikabaki pale pale. Labda mikato ilikuwepo, labda haikuwepo. Hatutajua tena. Nisamehe."

Nililia kama mtoto. Niliyemkosea ndiye aliyenibembeleza. Kisha akaichukua spana, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye lile shimo, akarudia, akarudia tena. Mwisho akatoa simu mkobani, akampigia dada yake.

"Dada, shikamoo. Baba wa mwanangu alikuwa kazini. Hakukimbia."

Niliisikia sauti ikifoka upande wa pili: "Nani kakwambia? Umejuaje?"

"Mimi ndiye mke wake," mama akasema, akakata simu.