Mti wa Mtego

Xavérine alikubali mwenyewe, tena kwa mdomo wake, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu.

Egide, kijana Mrundi anayetunza miti, alimjia bustanini kwake Farsta mwezi wa tano, kofia mkononi. Kuna mdudu, alisema, wa kijani, mdogo tu. Yuko upande wa Urusi, hapa Sweden hajaonekana bado. Akiingia, ile miti ambayo Waswidi huiita ask itakwisha yote. Ili agundulike mapema, huchaguliwa mti mmoja uliosimama peke yake juani, ukachubuliwa gome kulizunguka shina mpaka uanze kuugua, kwa maana mdudu hupenda mgonjwa. Baadaye unakatwa na kuchunguzwa.

"Na wako ndio umekaa vizuri kuliko yote, Mama Mélissa. Ukikataa, sitakulaumu."

Mti huo aliupanda Zénon, marehemu mumewe, majirani wote wakipanda mitufaha. Mzee mbishi yule! Eti matufaha yamejaa dukani, kivuli hakiuzwi. Kila Jumamosi Xavérine aliuegemea akamsimulia mumewe habari za nyumbani, na atakayecheka acheke. Lakini makaburini alikolala Zénon kuna ask mingine, mikubwa, imemfunika. Aliifikiria hiyo, akasema, "Haya, chubueni."

Kiangazi kizima aliutazama ukinyauka. Aliacha kuuegemea, aliuonea haya.

Desemba wakaukata. Egide na mwenzake walibandua gome lote polepole kwa kisu, wakitafuta njia za funza wa mdudu yule. Mti ulikuwa mweupe, laini, haujatobolewa popote.

Mwenzake akapiga makofi. Mélissa, binti yake Xavérine, akamkumbatia mama yake. "Men mamma, det är ju bra! Si ni vizuri, mama, hakuna mdudu!" Hata jirani akapaza sauti kutoka bustanini kwake, akimpongeza.

Na kweli ilikuwa habari njema. Xavérine akatabasamu, angefanyaje?

"Egide, mwanangu, kwa hiyo haukuwa na ugonjwa wowote?"

"Hapana, mama. Kabla hatujauchubua ulikuwa mzima kabisa. Ungeishi kutushinda sote."

Kisha akaweka kisu chini, akavua glavu, akamshika mikono yote miwili. "Pole sana, mama."

Siku nzima hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo. Xavérine akalia kwa sauti, kilio cha msibani, hadi jirani akaingia nyumbani mwake na kufunga mlango.