Mkojo wa Siku ya Ishirini na Moja

Mzee Yassin, muadhini wa msikiti mmoja wa Igogo, alisimama katika wodi ya watoto wachanga, ameshika mfuko mdogo wa plastiki wa kukingia mkojo, mtupu. Muuguzi Rozina alimkazia macho.

"Babu, mkojo umeupeleka wapi?"

"Nimeumwaga, binti yangu. Ningemwadhiniaje mjukuu wangu sikioni, naye kabandikwa najisi mapajani?"

Rozina alimweleza bila ukali. Suhaib, aliyelala katika kisanduku cha joto na ngozi yenye madoa ya zambarau, alidhaniwa kuzaliwa na kirusi alichokipata tumboni. Mamaye, Najat, alipougua akiwa mjamzito alidhani ni mafua tu. Kirusi hicho huweza kumnyang'anya mtoto uwezo wake wa kusikia. Dawa ipo, ila daktari alitaka uthibitisho kwanza, nao ni mkojo uliochukuliwa kabla wiki tatu hazijapita.

"Leo ni siku ya ishirini na moja, babu. Kesho hatutajua kama alizaliwa nacho au alikipatia hapa. Na maabara inafunga saa kumi."

Ilikuwa saa nane.

Rozina alinawa, akampa mtoto maziwa kwa mrija, akachovya pamba katika maji baridi, akaanza kumsugua chini ya kitovu ili akojoe, taratibu, kikombe kikiwa tayari mkono wa kushoto. Mashine ya mtoto mwingine ikalia. Akakimbia, akamhudumia, akarudi, akanawa tena, akaanza upya. Saa nzima ikapita. Mgongo ulimuuma, akaendelea.

"Suhaib, acha ubahili! Sisi Wajita hatujazoea kubembeleza. Babu, na dua yako iko wapi?"

"Miaka sitini naomba nikingwe na mkojo. Leo sijui nianzeje kuuomba."

"Anza tu, Mungu atakuelewa."

Midomo ya mzee ilikuwa ingali ikicheza pale mchirizi uliporuka, nusu kikombeni, nusu kwenye kanzu nyeupe.

"Masikini, kanzu yako!"

"Kikombe, binti yangu! Shika kikombe!"

Saa tisa na nusu kikombe kilikuwa maabara. Siku ya pili majibu yalitoka: kirusi kipo. Jioni ileile Suhaib akapewa dozi yake ya kwanza.

Mzee Yassin, aliyezoea kuamkiwa na Igogo nzima, akamwinamia mwanamke wa umri wa bintiye.

"Shikamoo."

"Babu, usinizeeshe!" Rozina akacheka. "Nenda kanawe kwa sabuni, uje umshike mjukuu wako mkono."