Gari Lililopimwa kwa Kiu

Tangu Januari, Celine alikuwa akimwandikia mama yake kwa penseli za rangi. Alikuwa na miaka sita na herufi zilikuwa bado zinampiga chenga, kwa hiyo alichora: mwalimu amekasirika, paka wa jirani amepanda paa, jino la mbele limeng'oka. Kisha aliiweka karatasi chini ya sahani ya mama yake na kwenda kulala. Mama huyo, Kamene, aliporudi usiku kutoka kazini alikula chakula kilichopoa huku akiisoma siku ya mwanawe, na asubuhi aliondoka kabla mtoto hajaamka. Habari za jino alizipata kwa picha.

Kazi yenyewe aliipenda. Alikuwa akipima damu na makohozi katika maabara ya kliniki moja mjini Kajiado, na nyumba yao ilikuwa Kitengela, umbali wa kilomita hamsini hivi. Magari ya abiria yalijaa kwa wakati yanaoutaka yenyewe. Mumewe, Mwanzia, alikuwa na pikapu, lakini pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa miguu ya duka lake la chakula cha mifugo. Ikikosekana siku moja, simu za wafugaji zingemvamia kama nyuki. Gari la pili la petroli wangeweza kulinunua, ila kulilisha kila siku, kwenda na kurudi, kungemaliza mshahara kabla haujafika nyumbani. Basi Kamene alikuwa ameshaangalia chumba cha kupanga huko Kajiado. Kitanda kimoja, dirisha moja, na angekuwa mama wa Ijumaa hadi Jumapili. Mwenye chumba alitaka jibu Jumatatu.

Kabla ya Jumatatu palikuwa na Jumamosi, na Jumamosi hiyo walikwenda kuangalia magari ya stima, yale yanayochajiwa badala ya kujazwa petroli.

Muuzaji aliitwa Emmanuel, kijana wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi vilevile. Katika uwanja wake pale Kitengela yalikuwapo mawili tu yaliyolingana na mfuko wao, yote madogo, yote yametumika. La kwanza lilikuwa jeupe na liling'aa. La pili lilikuwa la kijani, mlango wa nyuma umebonyea, na rangi ya paa imepauka kama kofia ya mchungaji wa mbuzi.

"Madam, angalia hapa," alisema Emmanuel, akiwasha lile jeupe. Hakuna kilichonguruma, namba tu ziliwaka. "Kilomita mia moja sitini na nane kwa chaji moja. Unaenda Kajiado, unarudi, na bado uko na ya kwenda kanisani."

"Na hii ingine?" aliuliza Mwanzia.

"Hiyo inasema mia moja thelathini na moja. Bei iko chini kidogo. Ni ya mtu hana haraka."

Celine alikuwa ameusogeza uso wake karibu na mlango mweupe. "Mama, hii naona mpaka pengo langu!"

Kamene alicheka, lakini moyoni alikuwa ameshaketi ndani ya lile jeupe. Alijiona akiingia getini jua likiwa bado juu. Alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatabasamu vilevile.

"Tumngoje paker kwanza," alisema Mwanzia.

Paker wake alikuwa Kuntai, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Isinya. Celine alipozaliwa, Kuntai alimletea kondoo, na kwa desturi ya Wamasai mtu aliyekupa kondoo hamuitani tena kwa majina. Kondoo ndiye anayekuwa jina lenu. Walikuwa wakiitana paker, yaani mtu wa kondoo, hata kwa simu, hata wakigombana juu ya bei ya pumba.

Alifika kwa pikipiki, amevaa jaketi la ngozi, fimbo imelala juu ya mapaja yake.

"Supa, paker!" Mwanzia alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa!"

Celine alikimbia akainamisha kichwa, na Kuntai akamgusa utosini kwa kiganja. Kisha akalizunguka gari jeupe polepole. Aliinama akatazama magurudumu. Aligonga mlango kwa vidole. Namba zile hakuziangalia kabisa.

"Amekunywa lini?" aliuliza.

"Nani, mzee?"

"Huyu."

"Ah, chaji! Imelala ikichaji. Imejaa kabisa."

"Na ndugu yake wa kijani?"

"Hata yeye."

"Hapo ndipo kuna shida," alisema Kuntai. "Sokoni kila ng'ombe ako na tumbo. Mchuuzi anamlambisha chumvi alfajiri, anamjaza maji, wewe huoni mbavu, unalipa. Ukifika nyumbani anakojoa, unabaki na ngozi na pembe."

Mwanzia alicheka mpaka akashika kiuno. "Paker, hii ni gari!"

"Ni kitu kinakunywa na kinatembea. Mimi sinunui kitu kama hicho mpaka nimwone na kiu. Shemeji, wewe unaenda wapi kila siku?"

"Kajiado," alisema Kamene.

"Basi twende Kajiado turudi. Wote wawili, njia moja, upepo mmoja."

Emmanuel alikuna shingo. "Wateja wangu huzunguka hapa tu, mpaka kituo cha petroli na kurudi." Aliutazama uwanja wake, ambao tangu asubuhi haukuwa na mteja mwingine. "Lakini sawa. Hiyo nyeupe tutakuwa pamoja ndani."

Ikaamuliwa kwamba Kamene aendeshe lile jeupe, akiwa na Emmanuel, Kuntai na Celine, na Mwanzia aendeshe la kijani. Walikuwa wameshafunga mikanda Kuntai alipoteremka tena.

"Hapana. Huku tuko wanne, kule paker peke yake. Mmoja abebe harusi na mwingine abebe bwana harusi tu? Leteni magunia."

Hapo ndipo mizani ikapigwa kwa macho. Kuntai alijihesabu gunia moja la chakula cha ng'ombe. Celine alikuwa robo. Emmanuel aliambiwa azunguke, akazunguka.

"Huyu ni gunia moja, lakini halijashonwa vizuri. Anakula chipsi."

"Mzee!"

"Weka moja. Tumheshimu."

Magunia mawili na robo yaliletwa kutoka dukani kwa Mwanzia yakapakiwa kwenye la kijani, na safari ikaanza.

Kamene hakuwahi kuendesha kitu kitulivu namna ile. Upepo wa mbugani ulisikika ukipita kwenye vioo, malori ya saruji yakavuma na kutoweka, na nyuma Celine aliweza kumuuliza Kuntai maswali bila kupaza sauti: Je, kondoo wake bado yuko? Ana watoto? Wana majina? Lakini jicho moja la Kamene lilikuwa kwenye namba. Kazi yake ilikuwa kupima, na mpimaji haamini kitu mpaka akiandike. Alimwomba Emmanuel ashike daftari lake dogo amwandikie. Kitengela, 168. Isinya, 122. Waliposimama mbele ya kliniki mjini Kajiado, 81.

Mwanzia aliegesha kando yao akachungulia dirishani. "Yangu imebaki sabini na nane! Zimetoshana. Basi si tuchukue hiyo nzuri?"

Kamene alikuwa anatazama daftari. Njia ilikuwa ya kilomita hamsini. La kijani lilikuwa limetumia hamsini na tatu. Hilo jeupe limetumia themanini na saba.

"Ni upepo," alisema Emmanuel.

"Upepo ulikuwa mmoja," alisema Kuntai, kwa upole.

Muuguzi mkuu wa kliniki, Nalangu, alitoka kuwalaki na hakukubali wageni warudi bila chai. Alipoelezwa wamekuja na nini, alifurahi kama yeye ndiye mnunuzi. "Si useme tu? Sola zetu mchana zinaleta stima nyingi kuliko tunayotumia. Kuna soketi hapo kwa ukuta wa stoo. Utachaji ukiwa kazini. Ila siku za mawingu, friji ya chanjo kwanza."

"Friji kwanza," alisema Kamene. Hakuwa ametegemea wema wa bure namna hiyo.

"Hata saa hii lete waya tuchomeke, mnywe chai mkiongeza—"

"Wacha!" Kuntai aliinuka na kikombe mkononi. "Leo hakuna kunywa! Mtu akimpa hata tone, tumepoteza safari."

Nalangu aliyatazama magari mawili yaliyosimama juani, midomo mikavu. "Maskini," alisema, na wote wakacheka.

Kurudi kulianza vizuri, kwa kuwa barabara inateremka kidogo kidogo kuelekea Kitengela. La kijani lilitangulia, lakini lile jeupe lilizidi kudhoofika. Isinya, aliandika Emmanuel, 34. Baada ya hapo hakuhitaji kuambiwa aandike. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Kisha namba zikatoweka, vikabaki vistari viwili, na kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo yenye picha ya kobe.

"Mama!" Celine alipiga makofi. "Gari imekuwa kobe!"

Na kweli likawa kobe. Kamene alikanyaga, likajikokota. Punda aliyebeba madumu ya maji aliwapita, na mwenye punda akawapungia mkono. Karibu na Kisaju, kilomita kumi na tano kabla ya Kitengela, lilitoka pembeni mwa barabara likasimama, likiwa bado linang'aa.

Emmanuel alikaa na daftari mapajani. Maneno yake yote yaliyopigwa pasi yalikuwa yamekunjamana. "Madam, haki ya Mungu sikujua. Naendeshanga hapo mtaani tu, polepole, nanunua mkate narudi. Sijawahi kuitoa Kitengela."

"Ndiyo maana iliahidi nyingi," alisema Kamene. "Ilikuwa inahesabu safari za mkate."

"Hujadanganya," Kuntai alimwambia, akimgusa bega. "Hukumuuliza tu."

Mwanzia alikuwa amegeuza na kurudi. Alilitazama lile jeupe kwa muda, mikono kiunoni, na furaha yote ya asubuhi ikamtoka. "Mama Celine, tusijidanganye. Haya magari ndivyo yalivyo. Leo ni mchana na tuko wengi. Siku ukiwa peke yako, mvua inanyesha? Mwambie mwenye chumba utachukua."

Celine aliacha kucheka. "Chumba gani?"

Hawakuwa wamemwambia.

Kamene alimtazama mtoto, pengo lile mbele, ambalo lilikuwa limeanza kuota jino jipya na yeye hakuwa ameliona mpaka sasa. Alichukua daftari akatembea hadi kwenye gari la kijani, akafungua mlango na kusoma: 45. Akapiga hesabu ya kilomita walizokwenda, akaipiga tena kwa kidole hewani. Kisha akarudi.

"Baba Celine, hili la kijani lilisema mia moja thelathini na moja. Tumeenda themanini na tano. Limebaki na arobaini na tano. Limebeba magunia kwenda na kurudi na limekosea kwa kilomita moja. Mimi napima watu kila siku, na wachache wananiambia ukweli kama huo." Alivuta pumzi. "Na Kajiado kuna soketi. Ningelipenda lile jeupe, sikatai. Lakini mimi sitafuti gari la kuangalia. Nataka kumkuta Celine macho."

Mwanzia alimtazama mkewe, halafu gari, halafu mkewe tena. "Lakini huo mlango umebonyea," alisema, na tayari alikuwa anatabasamu.

"Ng'ombe wa maziwa haulizwi juu ya pembe," alisema Kuntai.

Kamene alimpigia simu mwenye chumba hapohapo, magari yakimpitia kwa vumbi, akamshukuru na kumwambia atafute mpangaji mwingine. Emmanuel alibaki kungoja lori la kubebea lile jeupe. Walimwachia maji, ndizi na karatasi ya kumsaidia mteja ajaye, ambayo Kamene alikuwa amemnakilia namba zote. Kabla hawajaondoka, Kuntai aling'oa nyasi chache kando ya barabara akazibana chini ya waipa ya gari la kijani, kama mtu anavyobarikiwa kwao Umasaini. Kisha akajipenyeza nyuma, akakaa juu ya yale magunia kama chifu.

Walifika Kitengela wakiwa na thelathini.

Wiki iliyofuata, Jumatano, gari la kijani liliingia getini jua likiwa bado limekaa juu ya paa la jirani. Celine alikuwa ameketi kwenye ngazi. Kazi ya kuchomeka waya alikuwa amepewa yeye, baba yake akiwa amesimama nyuma yake, na kazi hiyo aliiita kunywesha. Simu ya Kamene ililia kabla hajafunga mlango.

"Amerudi na kiu kiasi gani?" aliuliza Kuntai. Alikuwa anauliza kila siku.

"Kidogo tu, shemeji. Leo alikunywa kwa Nalangu."

"Ashe, asante! Msimzoeshe chumvi."

Ndani, chakula kilikuwa kinafuka moshi. Kamene alinawa mikono, akaketi, na kwa mazoea akainua ukingo wa sahani yake. Chini palikuwa na meza tupu.

"Leo hukuchora?"

Celine alimtazama kana kwamba ameuliza jambo la ajabu. Akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha mama yake, akapanda, akaweka viwiko mezani.

"Kwani si umekuja?" alisema. "Sasa sikiza. Asubuhi, paka ya jirani..."