Fomu ya Marehemu

Walimwita Kipaza kwa ajili ya koo lake, na asiyemjua angedhani ni utani wa mapenzi. Mapenzi ya wapi! Alikuwa muuguzi wa dawa za kufubaza virusi, kwenye chumba kimoja mwisho wa korido, ambako wagonjwa wake walibanana benchi moja na kina mama walioleta watoto kupimwa uzito. Hapo ndipo alipomkaripia mdogo wa Fundi, yule mshona nguo wa mtaani, siku ile binti wa watu alipochelewa tarehe yake kwa siku mbili kwa kuwa bosi alimnyima ruhusa.

"Virusi upate kwa starehe zako, halafu dawa uje kuchukua unapojisikia?"

Korido nzima iligeuka. Katika waliogeuka alikuwemo mama mkwe wa binti huyo, amepakata mjukuu. Mdogo mtu alichukua kadi yake. Aliinuka, akatoka bila dawa, na hakukanyaga pale tena. Fundi alimbembeleza, akamgombeza, akaapa kumsindikiza kliniki nyingine ya mbali. Wapi. "Dada, niache," alisema, "nimeshavuliwa nguo mara moja, inatosha." Miezi minane baadaye wakamzika. Tusidanganyane: cheti kiliandika nimonia, lakini Fundi alimjua muuaji, na kila mwezi alimwamkia.

Ndiyo, alimwamkia. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pale pale, na Kipaza hakujua kuwa hao wawili ni ndugu: mama mmoja, baba mbalimbali, tarehe za kliniki mbalimbali. Fundi alikunywa vidonge vyake bila kuruka hata siku moja. Wagonjwa wenzake walidhani anapenda sana maisha. Alikuwa anasubiri zamu yake, na maiti halipizi kisasi.

Basi ofisi kuu ikaleta fomu mia moja, ikitaka kujua kama wagonjwa wanaridhika na huduma. Na nani akapewa kazi ya kuuliza? Kipaza huyo huyo! Faili lako liko mapajani mwake, dawa zako ziko kabatini mwake, naye ameshika kalamu: "Umeridhika, au hukuridhika?" Mwenye nguvu mpishe. Wote waliridhika sana. Hata mzee mmoja aliyekaa toka asubuhi mpaka adhuhuri bila kuhudumiwa, naye aliridhika.

Lakini wagonjwa waliojitokeza walifika sitini tu, na mgeni wa ofisi kuu alikuwa anakuja keshokutwa. Asubuhi iliyofuata fomu zikawa mia kamili. Kipaza akamwita Fundi, aliyekuwa benchini siku hiyo akingoja dawa, amsaidie kuzipanga kwa namba, maana fomu hazikuwa na majina. Fundi akapanga, akapanga, akafika kwenye namba anayoijua kama anavyojua kipimo cha kiuno chake. Kadi ya mdogo wake yenye namba hiyo ilikuwa nyumbani kwa Fundi, chini ya nguo. "Nimeridhika sana," fomu ilisema. "Muuguzi ana lugha nzuri." Tarehe ya jana.

Ndipo akaelewa. Kipaza alikuwa amewajazia watoro, kwa akili zake za kijanja: asiyekuja kliniki hatakuja kubisha. Hakuwahi kumtuma mtu kuuliza kwa nini hawaji. Angetuma, angeambiwa mmoja yuko kaburini.

Fundi alijiwa na furaha. Furaha kabisa, na asiyependa kusikia azibe masikio.

"Sista, hii imekusifu vizuri," alisema. "Niiweke juu, mgeni aanze nayo?"

"Ndiyo maana nakupenda," alisema Kipaza.

Mgeni alifika kesho yake, mama mtu mzima mwenye miwani na haraka kidogo. Aliisoma fomu ya juu pale pale koridoni, akatabasamu. "Huyu ningependa nimsikie mwenyewe."

"Huyo amesafiri, mama," alisema Kipaza.

Fundi, aliyerudi makusudi siku hiyo, aliinuka kutoka kwenye benchi. Kina mama wa watoto walikuwa wamejaa, wawili wao wateja wake wa magauni, wasiojua anakuja pale kufuata nini. Alijua kitakachomgharimu. Alipaza sauti hata hivyo.

"Hajasafiri. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Alifukuzwa hapa kwa matusi, mbele ya benchi hili, na ana mwaka kaburini. Mimi pia nakunywa dawa hizo hizo, kwa hiyo msihangaike kunong'ona." Akaweka mbele ya mgeni kadi yenye namba ile ile na kibali cha mazishi.

Kipaza alinyoosha mkono kuichukua kadi, mgeni akaiwahi.

Kipaza alisimamishwa kazi akisubiri tume ya uchunguzi. Wale wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kumtazama Fundi usoni. Akavikunja vizuri, akawapa. Wiki ya pili akaja Kipaza mwenyewe, akainamia cherehani, ananong'ona.

"Sikusikii," alisema Fundi, mguu ukiendelea kukanyaga pedali. "Sema kwa sauti."

Kulikuwa na wanawake watatu wanasubiri nguo zao. Kipaza aliwatazama.

"Nilijaza fomu ya mtu aliyekufa," alisema kwa sauti. "Nina watoto watatu. Iambie tume kwamba ulikosea namba. Nakuomba, dada yangu."

Fundi alisimamisha cherehani. Alitafuta huruma moyoni mwake kama mtu anayetafuta sindano, na hakuiona.

"Fomu si yangu," alisema. "Kaburi lake liko mstari wa mwisho, karibu na ukuta. Nenda kamwombe mwenyewe. Akikujibu, njoo unichukue twende wote mbele ya tume."