Mke wa Mkono wa Shaba

Ugomvi ulianza kabla hata pasi haijapata moto.

"Nakwambia hilo ni kosa," Mkataji alisema, mkasi wake umeganda katikati ya kitambaa cha buluu. "Waandishi wa tamthilia hii wamechoka, hawana jipya. Wakati umerudishwa nyuma. Mke hajapigwa. Hajui kitu. Sasa anamkwepa mumewe kwa lipi?"

"Labda hampendi tena," akasema Mpiga Pasi, bibi mnene mwenye sauti ya juu.

"Hampendi kwa lipi, bibi wee, na hakuna kilichotokea?"

Kitinda alikuwa kwenye cherehani ya dirishani akiunga kola za mashati ya shule. Aliposikia yale maneno, hakuna kilichotokea, mguu wake ulikanyaga kwa nguvu kuliko alivyotaka na mshono ukaenda upande. Akasonya, akaanza kufumua.

Runinga ilikuwa juu ya kabati la vitambaa, na kila Jumamosi alasiri karakana nzima ilishona ikiwa na jicho moja huko. Tamthilia yenyewe ilimhusu shujaa aitwaye Mkono wa Shaba. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa shaba tupu, na kwa mkono huo aliweza kushika mshale wa saa kubwa ya mji na kuurudisha nyuma, nao wakati wote ukarudi. Watoto walimpenda, wazee walimpenda. Mpaka msimu wa tatu ulipofika mwisho. Shujaa alirudi nyumbani kashindwa vita, mkewe akamuuliza alikuwa wapi, naye akamzaba kofi. Kwa mkono ule ule. Mwanamke akaangukia meza.

Mashabiki walirukiana kama majogoo. Wengine walisema kipande kile kikatwe, shujaa hawezi kuonyeshwa hivyo mbele ya watoto. Wengine walisema mwanamke alijitakia, mtu katoka vitani unamuulizaje maswali. Halafu mji ukaungua, Mkono wa Shaba akairudisha saa ili auokoe, na jioni ile ya kofi ikafutika pamoja na moto. Mashabiki wakashusha pumzi. Shujaa wao kawa msafi tena.

Sasa msimu wa nne umeanza. Mke na mume wako mezani, wanakula kwa raha. Mume ananyoosha mkono kuchukua chumvi. Mke anaruka kwenye kiti kama kaona nyoka. Basi. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na hicho ndicho kilichowatia watu wazimu.

Kitinda alikiona kipande kile wiki iliyopita, na hakushangaa hata kidogo. Alimtazama tu dada yake.

Dada alikaa pembeni, mashati mapajani, akishona vifungo. Alikuwa ameondoka kwa mumewe na sasa alilala chumbani kwa Kitinda, kitanda kimoja, uso ukutani. Usiku Kitinda akigeuka kuvuta shuka, Dada aliinua kiwiko kufunika sikio. Usingizini. Asubuhi ukimuuliza, anasema amelala vizuri.

Na leo alikuwa achukuliwe. Mama Mkubwa, mwenye karakana, dada wa mama yao aliyewalea wote wawili tangu mama alipofariki, alikuwa ameshapanga kila kitu. Mume aje Jumamosi, watazame tamthilia na wenzake kama zamani, watu wacheke, kisha waondoke wawili bila kelele. Ujumbe wa mume ulikuja kwa kinywa cha Mama Mkubwa mwenyewe, asubuhi juu ya chai: "Anasema mhesabu haikutokea. Mrudi mwanzo." Dada alijibu, "Sawa, mama." Kitinda aliacha chai yake ikapoa.

"Subirini Profesa aje," Mkataji alisema. "Yeye ndiye atatukata kiu."

Profesa ndiye huyo mume. Alitengeneza simu ng'ambo ya barabara, na jina hilo alipewa kwa sababu aliijua tamthilia kuanzia sehemu ya kwanza, nini kilitangulia nini, nani alikufa kabla ya saa kurudishwa na nani baada yake. Kwenye kundi la mashabiki, neno lake lilifunga mjadala. Na alijua kuchekesha, hilo lazima lisemwe.

Aliingia na mfuko wa biskuti, shati limenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Karibu kwenu."

"Bibi wa pasi, bado hujaichoma karakana? Mungu ni mkubwa." Akamgeukia Kitinda. "Shemeji yangu, mbona umenuna kama fundi aliyeziba mguu wa suruali?"

Wote wakacheka. Kitinda hakuinua kichwa. "Nafanya kazi."

"Haya, kazi njema." Kisha kwa sauti ya chini, laini, "Mke wangu, hujambo?"

"Sijambo," Dada akasema. Kifungo alichokuwa anakishona alikishona upya.

Mkataji hakumpa nafasi hata ya kukaa. "Profesa, amua. Ni kosa au si kosa?"

"Ni kosa, tena la kijinga." Profesa akajiegemeza kwenye meza ya kukatia kama mwalimu. "Sikilizeni. Saa ilirudishwa mpaka asubuhi, kofi lilikuwa jioni. Kwa hiyo kofi halipo. Halikusamehewa, halikusahauliwa. Halipo! Huwezi kuogopa kitu ambacho hakipo."

"Lakini yeye mume anakumbuka," Mpiga Pasi akasema. "Yeye ndiye aliyeirudisha saa."

"Mume anakumbuka, ndiyo, na huo ndio mzigo wake, masikini. Mke hana mzigo wowote. Mke ni mpya."

"Masikini nani?" Kitinda akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuingilia mjadala huo tangu tamthilia ianze, na watu waligeuka.

"Mume," Profesa akasema huku akitabasamu. "Ameokoa mji mzima, shemeji. Kosa moja, tena limefutwa, na watu bado wanataka kumsulubu."

"Limefutwa na nani? Si na yeye mwenyewe? Mke aliulizwa?"

"Ataulizwaje na hajui?"

"Kitinda," Mama Mkubwa akaita kutoka kwenye kiti chake, na katika kuita kule mlikuwa na onyo. "Kola zile zinangoja."

Kitinda akaishika kola. Aliona jinsi Mkataji alivyokuwa akimtazama Profesa, kwa upendo kabisa, kama wote walivyompenda. Walichokuwa wanakijua ni kwamba Profesa na mkewe walikwaruzana kidogo, kwa sababu mke alichelewa sokoni. Ndivyo Profesa alivyowaeleza, na alivyoeleza alijitania mwenyewe, wakamwonea huruma.

"Ngojeni niwaonyeshe," Profesa akasema. Mjadala ulikuwa umempanda kichwani sasa. Alivuta viti viwili kwenye meza ya kukatia, akaweka kopo la chaki katikati. "Hii ndiyo chumvi. Mimi Mkono wa Shaba. Mke wangu, njoo uwe mke wangu."

Watu wakacheka. Dada hakucheka. "Nina vifungo," akasema.

"Vifungo havitakimbia. Njoo bwana, dakika moja."

"Hataki," Kitinda akasema akisimama. "Amesema hataki."

"Wewe kaa chini!" Mama Mkubwa akafoka. Kisha kwa Dada, kwa upole uliomuudhi Kitinda kuliko ule ukali, "Nenda mwanangu. Ni mchezo tu. Mume wako anataka kucheka na wewe."

Dada aliweka mashati chini, akaenda, akakaa. Aliweka viganja vyake vyote viwili juu ya meza, akavitazama. Kitinda aliona midomo yake ikicheza bila sauti.

"Mnaona?" Profesa akawaambia wengine. "Mke kakaa kwa raha zake. Wakati umerudi, hajui kitu, hakuna kilichompata. Mimi nazungumza, nazungumza, habari za kazi, halafu naitaka chumvi..."

Akanyoosha mkono.

Dada aliruka. Kiti kilianguka nyuma yake, mgongo wake ukagonga kabati, na mikono yote miwili ilikuwa tayari juu ya kichwa, viwiko mbele, kidevu kimezikwa kifuani. Hakupiga kelele. Alibaki vilevile, kajikunja, akihema, wakati kopo la pini lilipodondoka kutoka kabatini na pini kutapakaa sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Runinga iliendelea kupiga muziki wake wa vita.

Profesa mkono wake ulikuwa bado hewani, juu ya chaki. Akaushusha. "Anaigiza," akasema, akacheka peke yake. "Mnamwona mke wangu? Angeenda kwenye runinga huyu."

"Siigizi," Dada akasema kutoka ndani ya viwiko vyake.

"Acha utani basi, inuka."

"Siigizi."

Mkataji aliweka mkasi mezani taratibu sana. "Profesa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Wewe ulituambia alichelewa sokoni."

"Na alichelewa! Muulize! Alichelewa na simu hapokei!" Sasa ule utani ulikuwa umemtoka wote, na uso uliobaki Kitinda aliujua. "Wewe mwanamke unanifanyia nini mbele za watu? Unanifanya nionekane mnyama? Inuka. Twende nyumbani."

Alimwendea. Kitinda hakukumbuka alivyotoka kwenye cherehani. Alijikuta tu yupo katikati, pini zinamchoma kwenye ndala, na kifumulio bado mkononi, kile kichuma kidogo cha kufumulia nyuzi.

"Mguse," akasema. "Mguse uone."

"Toka, mtoto wewe."

"Mimi si mtoto, na wewe si profesa. Kofi halipo? Lipo! Liko pale kwenye kabati limejikunja, lione! Hilo nalo utasema waandishi wamekosea?"

Mpiga Pasi alikuwa ameshasogea, mnene na kimya, akasimama ubavuni mwa Kitinda. Naye Mkataji akaja upande wa pili. Hakumtazama Profesa usoni, lakini alikuja.

Dada aliteremsha mikono. Alikuwa amepauka, ila sauti yake ilitoka wima.

"Ulisema tuhesabu haikutokea. Nimejaribu. Mmeniona wote nikijaribu, hapo kwenye kiti. Nilikuwa najiambia, ni chumvi tu, ni chumvi tu. Mwili umekataa." Akavuta pumzi. "Siendi."

"Utakuja mwenyewe kunipigia magoti."

"Siendi, nimesema! Mbona husikii? Siku zote husikii!"

Hilo alilisema kwa ukelele, na ukelele ule ulitoka mbali. Profesa akatazama huku na huku akitafuta uso wa kumcheka au kumwonea huruma. Hakuupata. Alitoka akiusukuma mlango kwa bega, akaziacha biskuti zake.

Kitinda alidhani hasira ingeshuka. Haikushuka. Ilitafuta pa kwenda, na ilimkuta Mama Mkubwa kitini kwake.

"Wewe ndiye uliyemwambia aende akakae pale."

"Usinipandishie sauti," Mama Mkubwa akasema. Macho yalikuwa mekundu. "Na wewe," kwa Dada, "umemwaibisha mumeo mbele ya wafanyakazi wangu. Unadhani ni wewe wa kwanza? Baba yenu mkubwa alinipiga nina mimba ya miezi saba. Nani alinisikia nikisema? Nilivumilia, nikanyamaza, yakaisha."

"Yaliisha lini, mama?" Dada akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia. Mama Mkubwa alianza kuizungusha kidoleni pete ambayo aliyemvisha alikuwa marehemu miaka mingi.

"Alipokufa," akasema, kwa hasira, kana kwamba wamemnyang'anya neno hilo kwa nguvu. "Haya, mmefurahi? Mnanitumbulia macho ya nini? Fanyeni kazi! Alipokufa!"